Laos: Walao wana mto, Wahmong wana njia (uzi mrefu, kaa mkao wa kula)

Mtoto wa Tukuyu (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ulizaliwa kwenye fungu la mnavu.

Naishi Saint Paul, Minnesota, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Mwaka wa kwanza nilikula kabichi na spinachi ya dukani mpaka ulimi ukasahau kwao. Jumamosi moja ya Agosti jamaa yangu Mkenya akanipeleka soko la wakulima katikati ya mji, akanisimamisha mbele ya meza ya bibi mmoja mfupi, kofia pana kichwani, buti za mpira zina tope bichi. Mezani kuna mnavu. Mnavu wenyewe, si binamu yake. Pembeni majani ya maboga na vikonyo vyake vimejikunja kama masharubu. Nikamnong'oneza jamaa, huyu mama wa Kichina kaujuaje mnavu? Akanivuta shati. "Usimwite Mchina. Huyo ni Mhmong, katoka milima ya Laos, na hiyo ni mboga ya kwao." Kwa lugha yao inaandikwa zaub iab, yaani mboga chungu.

Nikawa mteja. Baadaye nikaja kugundua kijana ninayefanya naye kazi za usiku ghalani ni mjukuu wa bibi yule yule. Mwaka jana alikuwa anakwenda Laos kusalimia ndugu waliobaki, nikaomba tufuatane. Tulikaa wiki tatu, mwisho wa Novemba hadi katikati ya Desemba. Tangu nirudi naulizwa mambo mawili tu: "Laos ndiyo Thailand?" na "Lao na Hmong si kitu kimoja?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, acha niyamwage hapa.

Ramani kwanza. Laos haina bahari. Imebanwa na China, Vietnam, Kambodia, Thailand na Myanmar. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 236,800, yaani kama robo ya Tanzania, na watu ni milioni saba na ushee. Sehemu kubwa ni milima. Upande wa magharibi unao mto Mekong, na kwa masafa marefu mto huo ndio mpaka na Thailand. Makabila yanayotambuliwa na serikali ni 50. Kwa sensa ya 2015, Walao wenyewe walikuwa kama asilimia 53, Wakhmu 11, Wahmong 9. Kwa hiyo ukimwita kila raia wa Laos "Mlao", nusu ya nchi umeikosea jina.

Zamani watu waligawanywa kwa mwinuko: Lao Loum wa bondeni, Lao Theung wa mgongoni mwa mlima, Lao Soung wa kileleni. Kwenye karatasi za serikali mgawanyo huo umeachwa, mitaani bado utausikia. Mimi nilijifunza njia fupi zaidi: angalia sakafu. Nyumba ya Mlao imesimama juu ya nguzo, kama dungu la kulindia ndege, na chini yake kuna kuku, pikipiki na bibi anayefuma. Nyumba ya Mhmong imekaa chini kabisa, sakafu ni udongo ulioshindiliwa. Ukiniuliza, tofauti nyingi nitakazosimulia zinaanzia hapo.

Naendelea, msinikate.

Kipanga Mkavu

Nimeshatandika mkeka. Tiririka.

Mama Kuku

Ulikula nini huko? Anzia hapo bwana, mambo ya sensa tutasoma wenyewe.

Mtoto wa Tukuyu

@Mama Kuku haya, tuingie jikoni.

Luang Prabang tulifikia nyumba ya wageni ya familia. Saa kumi na moja kasoro alfajiri nikasikia kuni zinapasuliwa, nikatoka. Mama mwenye nyumba amechuchumaa mbele ya moto. Mchele wa kunata ameuroweka tangu usiku. Ana chungu cha bati chenye shingo nyembamba, na mdomoni mwake amekikalisha kikapu cha mianzi chenye umbo la pia, mchele umo ndani na mvuke unapanda kutoka chini. Maji hayagusi mchele hata kidogo. Baada ya muda akakinyanyua kikapu kwa vidole, akakirusha kwa kifundo cha mkono, donge zima la wali likaruka, likageuka hewani na kutua tumbo juu. Hakuna punje iliyoanguka. Nilipojaribu mimi kesho yake nililisha kuku.

Wali ukiiva anaumwaga juu ya ubao, anautandaza kwa mwiko kupunguza mvuke, kisha anaujaza kwenye vikapu vidogo vyenye kifuniko. Kila mtu na kikapu chake au mnachangia. Ule wali ni khao niao, na namna ya kula huhitaji kufundishwa: unamega, unafinyanga kwa vidole vya mkono wa kulia, unachovya. Nilivyomega tonge langu la kwanza yule mama akacheka, akamwambia mwenzangu kitu. Nikauliza kasema nini. Kasema, "Huyu kalelewa vizuri." Nikakumbuka ugali wa mama yangu, nikamwomba kikapu cha pili.

Wali wa kunata ndio wanaojitambulishia Walao, na wanasema hivyo wenyewe bila aibu. Vya kuchovya: laap, nyama iliyokatwakatwa ndogo kabisa na majani mabichi, ndimu, na unga wa mchele uliokaangwa mkavu. Tam mak houng, papai bichi lililopondwa kinuni na pilipili. Halafu kuna padaek: samaki wa mtoni wamechachishwa mtungini na chumvi na pumba za mpunga, miezi na miezi. Harufu yake siielezi, ila siku ya nne nikawa naitafuta mwenyewe kwenye meza.

Alfajiri hiyo hiyo yule mama akajifunga shali, akapiga magoti kando ya barabara na kikapu chake. Watawa wa Kibuda wakaja kwa mstari, nguo za rangi ya machungwa, miguu mitupu, wengi ni vijana wa shule tu, maana kwa watoto wa vijijini hekalu ndiyo njia ya kusoma. Kila mmoja anafungua bakuli, mama anatia tonge moja. Hakuna neno linalosemwa. Kilichonikera ni watalii wenye simu, mmoja alimsogezea mtawa kamera puani. Mama hakuinua macho.

Mji huo ndio ulikuwa makao ya wafalme. Fa Ngum aliunganisha ufalme wa Lan Xang mwaka 1353, na jina hilo maana yake ni tembo milioni moja. Wafaransa walipokuja 1893 waliichukua ng'ambo ya mashariki ya Mekong, ng'ambo ya magharibi ikabaki Siam, yaani Thailand ya leo. Ndiyo maana leo wasemaji wa Kilao ni wengi zaidi ndani ya Thailand, mkoa wa Isan, kuliko Laos kwenyewe. Mto uliokuwa barabara yao ukafanywa ukuta. Kutoka Nong Khai, upande wa Thailand, unavuka daraja lililofunguliwa 1994, na ukimaliza kuvuka gari linahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara. Mimi wa kutoka Tanzania nikaona ni kama wamenirudisha Minnesota ghafla.

Ticha wa Zamu

Na ile desturi ya kufungana nyuzi mikononi ni ya nani kati yao? Niliona kwenye picha.

Mtoto wa Tukuyu

Wote wawili, Ticha, ila kila mmoja kwa namna yake. Walao wanaiita baci. Wanaamini mtu ana roho 32, na roho hizo ni watoro: ukisafiri, ukiugua, ukishtuka, moja inabaki njiani. Basi wanakaa kuzunguka pambo refu la majani ya migomba na maua ya manjano, mzee anaziita roho zirudi, kisha kila mtu anakufunga uzi mweupe wa pamba kwenye kifundo huku anakuombea. Mimi nilifungwa nyuzi kumi na tisa. Unatakiwa ukae nazo siku tatu usizikate. Zangu zilikaa mpaka ghalani Minnesota, msimamizi akaniuliza kama nimeumia.

Wahmong nao wana hu plig, kuita roho, kwa kuku na mayai na mtu anayesimama mlangoni akiita. Ugonjwa ukizidi anaitwa txiv neeb, mganga wao: anafunika uso kwa kitambaa, anapanda benchi ambalo ndilo farasi wake, na anasafiri kwenda kuifuata roho iliko. Benchi linarukwa kweli kweli, na kuna mtu nyuma wa kumshika asianguke.

Mama Kuku

Haya tupandishe mlimani sasa.

Mtoto wa Tukuyu

Treni ya Wachina ilifunguliwa Desemba 2021, inakutoa Vientiane kukufikisha Luang Prabang kwa saa mbili. Kutoka hapo kwenda mkoa wa Xieng Khouang hakuna treni. Ni kibasi, na barabara imejipinda mpaka dereva anagawa mifuko ya plastiki kabla hamjaanza. Mfuko wangu niliutumia. Tuyaache hayo.

Phonsavan, mji mkuu wa mkoa huo, iko juu, kama mita 1,100, asubuhi ya Desemba unaona pumzi yako. Nilijisikia Tukuyu kabisa. Kijiji cha ndugu za rafiki yangu ni mwendo wa saa nzima kutoka mjini. Nyumba za mbao zimekaa ardhini, hazina dirisha, moshi unatokea paani. Ndani, ukutani mkabala na mlango mkubwa, kumebandikwa karatasi yenye rangi ya dhahabu na manyoya ya kuku yaliyogandishwa kwa damu. Ni madhabahu ya kulinda nyumba, inafanywa upya kila Mwaka Mpya wao.

Hapa nilitaka kuharibu. Nyumba ya tatu nilikuwa nimeshainua mguu kuingia, mwenzangu akanidaka mkono. Mlangoni kulikuwa na tawi la majani mabichi limechomekwa. Mimi nilidhani ni pambo la sikukuu. Kumbe maana yake ndani kumefanyika tambiko, mgeni haingii mpaka litolewe. Ukiingia umeharibu kazi yote, na gharama ya kuirudia ni yako. Mzee wa nyumba alikuwa amekaa nje, kaona kila kitu, akaniletea kigoda nikae naye pale pale juani.

Kilimo chao cha zamani ni cha kufyeka na kuchoma: mpunga wa mlimani, mahindi, maboga, na udongo ukichoka kijiji kinahama. Hemp, mmea wa nyuzi wa jamii ya bangi, walilima kwa ajili ya nguo, wakachora kwa nta na kutia nili. Na afyuni, ndiyo, najua mtauliza. Wafaransa waliifanya biashara ya serikali, wakainunua kwa wakulima wa milimani na kutoza kodi. Miaka ya 2000 serikali ya Laos ilifyeka mashamba hayo, na wengi wakateremshwa mlimani kupelekwa kandokando ya barabara. Wazee hawakulisimulia kwa furaha. Waliteremshwa kwenye mbu na joto, wakaambiwa ni maendeleo.

Kitu cha kwanza Mhmong anachomuuliza Mhmong ni ukoo: Vang? Yang? Xiong? Lee? Moua? Koo zao huhesabiwa 18. Wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana, mmoja katoka Laos mwingine katoka Ufaransa. Watapokeana, watalishana, na hawaoani kabisa. Rafiki yangu alifika kijiji ambacho hajawahi kukikanyaga akapewa kitanda na kuku mzima kwa sababu ya jina la ukoo tu.

Managu Minneapolis

Mimi ndiye yule Mkenya wa sokoni, msidhani ananisingizia. Ongeza hii: harusi zao zina washenga kama zetu, nilialikwa moja hapa. Washenga wanakuja na mwavuli mweusi umefungwa kwa kitambaa cha kilemba, na mazungumzo ya mahari yalianza saa mbili asubuhi, mpaka jioni bado watu wananyweshana na kuimbiana. Nikasema hawa ni Wakamba waliopotea njia.

Mama Kuku

Na lile la kumkamata binti kwa nguvu na kumpeleka nyumbani kwa mwanaume? Nimesikia lipo kwao. Tusipambe tu.

Mtoto wa Tukuyu

Lipo, dada, na una haki ya kuuliza. Linaitwa zij. Wazee watakwambia mara nyingi wawili hao wamepanga, binti anapiga kelele za heshima. Lakini nilikaa na shangazi wa rafiki yangu, mama wa miaka sitini na kitu, akasema yeye hakupanga na mtu. Alikuwa anachota maji. Alilisema huku anakata mboga, wala hakuacha kukata. Wanawake wengi wa Kihmong, hasa waliokulia Marekani, wanalipinga hadharani siku hizi, na nyumba zinagombana juu yake.

Upande mtamu wa uchumba ni Mwaka Mpya, baada ya mavuno. Wasichana wamevaa kila walichonacho: mikufu mizito ya fedha, mikanda yenye sarafu za zamani za Wafaransa, nyingi siku hizi ni za kuigiza, wakitembea unasikia mlio kabla hujawaona. Vijana wanajipanga mistari miwili wanatazamana na kurushiana mpira. Unamrushia umpendaye. Wa ukoo wako humrushii. Akiudondosha analipa kwa wimbo. Zamani ulikuwa mpira wa kitambaa cheusi ulioshonwa, sasa wengi wanatumia mpira wa tenisi. Nilirusha na bibi wa miaka themanini, akanishinda.

Kesho yake tulikwenda kituo cha wageni pale Phonsavan kinachoeleza habari za mabomu. Ndani ya kabati la kioo kuna vitufe vya chuma vimepangwa. Ukubwa ule ule. Mwenzangu alitoa mpira wa jana mfukoni, akaushika karibu na kioo, hatukusema kitu.

Fundi Chuma

Subiri, mabomu gani? Vita si vilikuwa Vietnam?

Mtoto wa Tukuyu

Vita vya Laos viliitwa vya siri, Fundi, na hata wewe ni ushahidi kwamba siri imetunzwa vizuri.

Njia ya Ho Chi Minh, ya kupitishia silaha na askari wa Vietnam Kaskazini kwenda Kusini, ilikatiza mashariki mwa Laos. Na uwanda wa Xieng Khouang ulikuwa unapiganiwa na Pathet Lao, yaani wapiganaji wa kikomunisti, na jeshi la mfalme. Kuanzia 1964 hadi 1973 ndege za Marekani zilifanya safari 580,000 za kudondosha mabomu, zaidi ya tani milioni 2. Wakipiga hesabu wanasema ni ndege moja kumwaga mzigo wake kila dakika 8, usiku na mchana, miaka 9. Ndani yake mlikuwa na vibomu vya mtawanyiko milioni 270 hivi, na kama milioni 80 vilianguka bila kulipuka. Vimelala mashambani mpaka leo. Watu wa huko wanaviita bombi. Tangu vita viishe vimeua na kujeruhi watu zaidi ya 20,000, na mtoto anayeokota kitufe anaona mpira.

Karibu na Muang Kham kuna pango la Tham Piu. Watu wa vijiji walijificha humo. Tarehe 24 Novemba 1968 roketi iliingia mdomoni mwa pango. Waliokufa wanahesabiwa 374. Ukuta wa ndani bado ni mweusi, na mtu ameweka vikapu vidogo vya wali wa kunata pale.

Vyuma vyenyewe wamevigeuza riziki. Nimeona ghala la mpunga limesimama juu ya maganda ya mabomu badala ya nguzo za mbao. Nimeona vitunguu vimepandwa ndani ya ganda lililokatwa katikati kama mtumbwi. Kijiji cha Napia wanayeyusha alumini na kumimina vijiko kwenye vibonyo vya mbao na majivu. Ninacho kimoja, ni chepesi mpaka unasahau umeshika kitu.

Hapo hapo kuna ile Tambarare ya Mitungi: mitungi ya mawe mikubwa, zaidi ya 2,000, mingine inamzidi mtu urefu, kazi ya watu wa kale kabla Walao hawajafika. Wenyeji wanasema majitu yalipikia pombe humo. UNESCO waliiorodhesha 2019. Unatembea kwa kufuata matofali yaliyopakwa rangi mbili, upande mweupe pamesafishwa, upande mwekundu bado. Sijawahi kuangalia miguu yangu namna ile.

Kipanga Mkavu

Panya wetu wa kunusa mabomu, wale wa chuo cha SUA Morogoro, si wangemaliza hiyo kazi? Si walipelekwa huko?

Mtoto wa Tukuyu

Walipelekwa jirani, Kambodia. Magawa alizaliwa pale pale SUA, akanusa mabomu na mabaki ya vita zaidi ya 100 Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020, akafa 2022 amestaafu kwa heshima. Kambodia tatizo kubwa ni mabomu ya kutegwa ardhini. Laos ni yaliyotoka juu, na kazi niliyoiona inafanywa na watu wenye mashine za kusaka chuma. Timu tuliyopishana nayo ilikuwa ya wanawake watupu, wengine Wahmong, wamepiga magoti kwenye shamba la mahindi lililovunwa, wamefunga kamba nyekundu, hatua kwa hatua. Siku nzima wanamaliza kipande ambacho wewe ungelilima kwa jembe kabla ya chai.

Mzalendo Halisi

Umeruka jambo moja makusudi. Hao Wahmong unaowapamba ndio waliokuwa jeshi la CIA, majasusi wa Marekani. Waliipiga nchi yao wenyewe kwa hela ya Mmarekani. Sasa wako Marekani wanakula walichopanda.

Mtoto wa Tukuyu

Sijaruka, mkuu, nilikuwa njiani kufika.

Ni kweli. Kuanzia 1961 CIA ilimfadhili Vang Pao, ofisa Mhmong wa jeshi la mfalme, akajenga jeshi la milimani. Makao yake yalikuwa Long Tieng, bonde lenye uwanja wa ndege ambao haukuwa kwenye ramani. Mwishoni walikuwa wanaandikisha watoto wa miaka kumi na tatu, kwa sababu wakubwa wameisha.

Lakini "Wahmong" unaosema wewe hawakuwa upande mmoja. Wilaya ya Nong Het, mpakani na Vietnam, ilikuwa na ugomvi wa cheo tangu kabla ya vita vya pili vya dunia. Touby Lyfoung akapewa cheo na Wafaransa. Faydang Lobliayao akanyimwa, akaenda upande wa waliokuwa wanapigana na Wafaransa, na baadaye akawa kigogo wa Pathet Lao. Unajua walikuwa nani? Mtu na mjomba wake. Faydang ni ndugu wa mama yake Touby. Kwa hiyo kabla hujaleta ukomunisti na ubepari, leta ugomvi wa ukweni, ndipo utaelewa kwa nini kijiji hiki kilikwenda kulia na cha jirani kushoto. Na walio wengi walikuwa wakulima walioulizwa na mwenye bunduki aliyefika kwanza.

Mei 1975 ndege zilimtoa Vang Pao na maelfu machache. Wengine waliachwa uwanjani na mabegi. Desemba 2 mwaka huo ufalme ukafutwa. Walioogopa kulipiziwa walitembea msituni kwa wiki hadi Mekong, na ni watu wa mlimani, hawajui kuogelea. Bibi wa mnavu alivuka na mianzi miwili kwapani. Anacho kitambaa alichodarizi mwenyewe kambini Ban Vinai, Thailand: juu milima na ndege, katikati askari, chini utepe wa bluu wenye vichwa vidogo vyeusi vinavyoelea. Nilimuuliza wewe ni yupi. Akaonyesha kichwa kimoja. Kando yake kulikuwa na kidogo zaidi, sikuuliza.

Marekani leo wapo zaidi ya laki tatu. Wengine walikwenda Ufaransa, na Wafaransa wakawapeleka baadhi Guyana yao ya Amerika Kusini mwaka 1977, kijiji cha Cacao, wakafyeka msitu, na sasa ndio wanaolisha jimbo lile mboga. Popote unapowatupa wanaanza na bustani.

Mzalendo Halisi

Hiyo ya mjomba na mpwa sikuijua. Nimekusoma.

Ticha wa Zamu

Swali la lugha. Mbona umeandika "zaub", "plig", na mahali fulani nimeona "Hmoob"? Yanasomwaje?

Mtoto wa Tukuyu

Ticha, mimi mwenyewe nilisalimia watu mwaka mzima nikisema "nyobu zoo" wakawa wananionea huruma. Salamu ni nyob zoo, lakini ile b ya mwisho haisomwi, ni alama ya toni, kwamba sauti iwe juu. Na oo mbili maana yake ni sauti ya puani. Kwa hiyo Hmoob ndiyo "Hmong" tunayoandika sisi. Herufi ya mwisho ikibadilika neno limebadilika. Maandishi hayo yalitungwa na wamisionari huko Luang Prabang mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1959 mkulima mmoja, Shong Lue Yang, ambaye hakuwa amesoma popote, alibuni mwandiko mwingine kabisa, Pahawh, akisema ameteremshiwa. Aliuawa 1971. Pande zote mbili za vita zilimwogopa.

Mama Kuku

Umeandika kichwani "Wahmong wana njia". Njia gani? Usije ukaukimbia uzi wako.

Mtoto wa Tukuyu

Nilikuwa naliahirisha, maana nililiona msibani.

Babu wa rafiki yangu alifariki Saint Paul majira ya baridi tuliporudi. Msiba wao ni siku tatu nne, usiku na mchana, kwenye jumba lao la mazishi. Marehemu amevalishwa nguo za kudarizi na viatu vya hemp, kwa sababu huko aendako kuna mlima wa viwavi na lazima aupite. Kuna ngoma inaning'inia na mtu anayepuliza qeej: mianzi sita mirefu iliyopinda kwenye kibuyu cha mbao. Anapuliza huku anazunguka, anainama, anajipinda kama anakwepa. Mimi nikadhani ni muziki. Rafiki yangu akaniambia, "Siyo muziki, yale ni maneno." Kwa kuwa lugha yenyewe ni ya toni, qeej inazisema toni, na marehemu anaelewa.

Na yupo mzee anayeimba, anamwelekeza marehemu njia. Anaanza pale pale alipofia, anamrudisha nyuma kwa kutaja kila mahali alipowahi kuishi, mmoja mmoja. Nyumba ya mwisho Saint Paul. Nyumba ya kwanza Saint Paul, ile ya kupanga. Ban Vinai. Mekong. Long Tieng. Kijiji. Kila kituo anaishukuru mizimu ya ardhi ya pale na kuilipa, kwa maji aliyokunywa na kuni alizochoma. Akikosea mpangilio au akiruka mahali, roho inapotea. Ndiyo maana kabla ya kuanza walikaa na watoto wa marehemu karibu saa nzima wanabishana: Wisconsin alikaa kabla au baada ya kuhamia mtaa ule?

Mwisho wa njia ni nyumba aliyozaliwa. Kondo lake la nyuma limefukiwa humo, la mtoto wa kiume chini ya nguzo kuu, la wa kike chini ya kitanda cha wazazi. Wanaliita nguo. Anakwenda kulichimbua, analivaa, ndipo anaweza kuendelea hadi kwa mababu.

Nyumba ya babu yule haipo. Kile kijiji nilikiona Desemba, ni shamba la mihogo na shimo la bomu lililogeuka bwawa la bata. Nilimuuliza mzee mwimbaji, sasa nguzo ameipata wapi? Akasema nguzo ndiyo imeondoka, kondo halijaondoka.

Halafu akaniuliza kitovu changu kimezikwa wapi. Nikamwambia Tukuyu, chini ya mgomba, upande wa nyuma wa nyumba ya bibi. Akaniuliza tangu hapo nimeishi wapi na wapi. Nikaanza kuhesabu: Mbeya, Dar, Tabata, kisha Mwenge, Nairobi miezi saba... nikakwama. Kuna miezi minne ya 2011 sijui nililala wapi. Yule mzee akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyesahau daftari.

Kipanga Mkavu

Daah. 2011 ulikuwa kwangu Buguruni, mkuu, na kodi hukulipa.

Mtoto wa Tukuyu

Hahaha, kumbe. Nimeandika.

Managu Minneapolis

Bibi alisema mwaka huu analima eneo gani? Nataka managu, mnavu wenu, ya kukausha.

Mtoto wa Tukuyu

Kule kule njia ya Hugo. Mezani inaanza kuonekana Julai. Fika kabla ya saa moja na nusu, Wakenya mnaimaliza, na usimwambie akupunguzie bei, atakuongezea vikonyo vya maboga mwenyewe.